Zisafishe Zote

Shangazi yangu,

Maji ya bomba yamepoa. Najua salamu ndiyo hutangulia, na ungekuwepo ungeniuliza adabu nimeiacha wapi, lakini hii ndiyo habari ambayo wewe ungeitaka kabla ya zote. Nilikuja Azaiba kufungua nyumba yako, nikaingia hamamu ya nyuma, nikafungua bomba na kutia kidole kama ulivyonifundisha. Yalitoka baridi. Yale ya miezi ya joto, yanayoshuka kutoka tangi la juu ya paa yakiwa tayari kwa kutilia chai, yamekwisha. Nikakaa juu ya ile ndoo uliyoigeuza kiti, nikalia, kisha nikanawa uso kwa maji hayo hayo na kwenda kumpigia simu mwanao Zuwena.

Sasa nakusalimu. Assalamu alaykum, Shangazi, wewe na wote uliowakuta huko.

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Baba, kaka yako, anaumwa na goti na hataki kusema, anasingizia viatu. Akinyi, yule Mkenya aliyekuuguza, amepata kazi kwa bibi mmoja huko Qurum, nyumba kubwa yenye bustani, na anasema bibi huyo hana maneno kama wewe, jambo ambalo sijui kama ni sifa au lawama. Mlimau wako umezaa. Watoto wa mtaani wanapigana picha kwa simu, wanatazama, wanacheka, wanafuta, wanapiga nyingine, na hakuna anayesubiri kitu. Jirani yako Bi Salima ametoa mablanketi yake kuyaanika ukutani na mtaa mzima umenuka nafutalini. Hapo ndipo ulipokuwa unasema kipupwe kimeingia. Baba akikukosoa kila mwaka kwamba kipupwe ni cha Unguja, tena cha katikati ya mwaka, siyo cha Maskati, na wewe ukimjibu kwamba ulihama na kila kitu chako, na hilo neno likiwemo.

Lakini nimeandika kwa ajili ya zile filamu zako za mwisho. Umeondoka ukatuachia filamu mbili ambazo hazijasafishwa, pamoja na neno moja, na hilo neno nusura litutenganishe mimi na mwanao.

Siku ile, joto la nje halishikiki, kiyoyozi kinanguruma dirishani, tulikuwa watatu kitandani kwako. Zuwena amekaa kwenye kiti chake, mimi miguuni, Akinyi anapanga dawa. Ukaivuta pembeni ile barakoa ya hewa, ukatutazama wote bila kumchagua mtu, ukasema, "Zisafishe zote. Usibakishe." Kisha ukairudisha mwenyewe, ukafumba macho. Ulisema na mengine baada ya hapo, uliomba maji, ulimtaja mama yako, lakini hilo ndilo lililokuwa agizo la mwisho, na hukusema nini kisafishwe wala nani akisafishe.

Mimi nilielewa papo hapo. Kusafisha picha, kuna jingine? Maisha yangu yote ya ukubwani nimelisikia neno hilo kwako kwa maana hiyo: filamu itiwe dawa, sura zitokee. Zuwena naye alielewa papo hapo, na alichoelewa ni kwamba umeamuru zitolewe, ziondoke, nyumba ibaki safi, usikutwe huko na sura za watu mkononi. Akinyi, masikini, alifikiri unasema nguo. Kwao picha huoshwa, hazisafishwi. Alikwenda kabatini akazikusanya nguo zako zote, hata zile zilizokuwa zimepigwa pasi, akazitia mashineni. Tulipokuzika, Shangazi, hukuacha hata nguo moja chafu.

Nimemwambia Zuwena mara nyingi kwamba mtu aliyekuwa fundi hawezi kuagiza kazi yake itupwe. Na kila mara alinijibu kwa kunikumbusha ile siku ya Bi Salima, na siwezi kuikana, kwa sababu nilikuwepo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza skuli, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ulikuwa na kamera yako ya chuma, ya mkono wa pili, na ulipiga kama watu wengine wanavyopiga: sikukuu, watoto, maua. Asubuhi moja ya baridi ukaukuta ua wa Bi Salima umejaa wanawake. Wamekaa juani vichwa wazi, mmoja anapakwa mafuta, mwengine kavaa soksi za mumewe na kanga begani, wanachambua mchele na kusengenya. Ukapiga filamu nzima, na wao wakacheka tu. Ulipokuwa unaifunga kamera ndipo Bi Salima alipokuuliza, kwa upole kabisa, "Bi mdogo, na huyo atakayezisafisha huko dukani Ruwi, mwanamke?"

Hukuwa umelifikiria. Niliona usoni kwako kwamba hukuwa umelifikiria. Ukafungua mgongo wa kamera pale pale, ukaivuta ile filamu nje yote juani, ikakujaa mapajani, ikafa. Hakuna aliyekulazimisha. Bi Salima mwenyewe alishika mdomo. Ukasema tu, "Samahanini. Ntajifunza kuzisafisha mwenyewe, kisha ntarudi."

Na ulijifunza. Wewe karani wa skuli, mjane mwenye mtoto mmoja, ulinunua dawa na makopo huko Ruwi, ukamsumbua mwenye duka kwa maswali mpaka akakuandikia. Filamu zako za mwanzo ziliharibika zote, kwa sababu ulianza mwezi wa tano, na maji ya bomba yalikuwa ya moto. Dawa zilipaparika, sura zikatoka zimekaangika. Ulijaribu barafu, ulijaribu kulaza ndoo chini ya kiyoyozi. Mwisho ukakubali kwamba kazi hii mji huu unaitoa miezi michache tu kwa mwaka, na ndiyo maana ukawa mpiga picha wa baridi. Watu walidhani unaipendea ile hewa, kumbe unafuata maji.

Mwaka mzima kamera ililala kabatini ndani ya kanga. Joto lilipovunjika ukaitoa. Wenye kamera kubwa wakienda milimani na ngomeni, wewe ukaingia nyua za watu. Wanawake wawili wanakunja blanketi, kila mmoja na ncha zake, wanagombana nani kavuta sana. Mama anampulizia mtoto chai ya tangawizi. Bibi anamenya muhogo uliotoka sokoni Seeb na maganda yamemjaa miguuni. Hukumpanga mtu na hukumwambia mtu atabasamu. Ulisema uso wa mtu anayeota jua haudanganyi, na ukisema hivyo ulifumba jicho moja hata kama kamera ilikuwa nyumbani.

Na sharti lako lilikuwa lile lile kwa kila mmoja. Kwanza unauliza, "Nikupige?" Akisema nipige, unapiga. Ukishasafisha na kuitia kwenye karatasi, unampelekea picha yake moja pamoja na kile kipande cha negativu, yaani cha filamu yenyewe, ulichokikata, mkononi kwake, bila kubakisha nakala. "Sura yako, amri yako," ndivyo ulivyowaambia. Akitaka aiweke chini ya godoro, akitaka aichome. Ndiyo maana wakakufungulia milango ambayo hakuna mpiga picha mwengine aliyeifungua. Na ndiyo maana, Shangazi, baada ya baridi zote zile, mimi niliyekushikia taa na kukukorogea dawa sikuwa na hata karatasi moja ya kumwonyesha mtu kwamba ulikuwa fundi. Kazi yako yote imelala kwenye masanduku ya nguo ya wanawake wa mji huu. Zilibaki filamu hizo mbili tu. Nisamehe, lakini nilizitaka kwa uchungu.

Zuwena naye alikuwa na sababu yake, na wewe ndiye uliyempa. Alipoachwa na yule mume wake wa kwanza akarudi Azaiba na sanduku lake, alikaa uani asubuhi moja, viwiko magotini, uso kwenye viganja. Jua lilikuwa zuri mno. Hukumuuliza. Alisikia mlio wa kamera, akanyanyua kichwa, na wewe ukawa bado umeikamata mbele ya jicho. Siku uliyomletea kipande chake, kama sharti linavyosema, alichukua mkasi wa kitambaa akakikata vipande vipande mbele yako, na picha pia. Akakwambia, "Mie usinipige tena, Mama." Ukamwambia hutompiga, na kweli miaka ikapita. Aliolewa tena, akahamia Al Amerat, akazaa, na katika nyua zote ulizoingia, ule wa mwanao hukuingia na kamera. Nilikuwa nafikiri lile jambo limepoa. Nyinyi wawili hamkuwa watu wa kupoa.

Kisha ikaja baridi yako ya mwisho. Ulikuwa huwezi kutoka, kwa hiyo nyua zikakujia wewe. Wanawake walikuja kukukagua, mmoja mmoja na makundi, na uji na mikate ya ufuta, na wewe ukawauliza ukiwa umelala, "Nikupige?" Wakakubali wote, nani atamkatalia mgonjwa. Mimi ndiye niliyekutilia filamu. Sikujua ulikuwa unapiga zaidi ya wageni hao.

Zuwena alijua. Aliniambia baada ya khitma yako, tulipokuwa tunagawa vyombo na nikazitoa zile filamu kwenye mtoto wa meza. Alisema alikuwa akisikia ule mlio kutoka pembeni ya blanketi, yeye akiwa amekupa mgongo, au anasinzia kitini. Alinyamaza kwa sababu ulikuwa unaumwa. Lakini alijua umevunja ahadi, na wewe ukajua kwamba yeye anajua. Kwa hiyo ulipovuta barakoa ukasema zisafishe zote, kwake lile lilikuwa toba. Mama yake anamwambia futa, nimekosa. Akanyoosha mkono nimpe afanye kama ulivyofanya kwa Bi Salima, azivute zote juani.

Sikumpa. Nilizitia kwenye mkoba nikaondoka bila kuaga, na nyumba ina watu. Nilizificha kwenye friji langu ndani ya kopo la samli, zisipikwe na joto, na mume wangu aliyekuwa anatafuta samli akaniuliza kama siku hizi tunakula plastiki. Tangu hapo mimi na Da Zuwena tukawa watu wa salamu za simu kwa sikukuu. Anampigia Baba, ananiulizia afya, basi. Miezi yote ya joto ilikuwa hivyo. Wewe unajua alivyo mkubwa kwangu. Ndiye aliyenifundisha kusuka nywele. Iliniuma, na sikutaka kurudi nyuma.

Aliyetuamua ni Bi Salima. Alinipigia baridi ilipoanza kunukia, akaniambia hana siku nyingi, na sura yake imo humo, na wewe ulimuahidi. "Ile ya kwanza niliiua mie kwa mdomo wangu," alisema. "Hii nnaitaka." Nikamwambia azungumze na Zuwena. Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba Zuwena alikubali, kwa sababu kama amri ni ya mwenye sura, basi ya Bi Salima iko kwa Bi Salima. Alinitumia salamu kwamba atakuja, tutazisafisha pamoja, wanawake wawili, mlango umefungwa, na zake atazikata yeye mwenyewe kabla sijazitia macho.

Ndiyo siku ile niliyompigia simu kumwambia maji yamepoa. Alishuka kutoka Al Amerat baada ya alasiri, akavuka mlima peke yake garini, akaingia na mkoba wake na hakukaa kunywa kitu. Ndani ya hamamu alitoa mkasi akauweka ukingoni mwa beseni. Ulikuwa ule ule wa kitambaa. Nikauona, naye akaona nimeuona.

Niliziba chini ya mlango kwa blanketi, nikazima taa. Kwenye giza nikazungusha filamu ya kwanza kwenye gurudumu lake, ikanikwama, nikaanza upya. Nilimsikia Zuwena anavuta pumzi karibu yangu. Kumbe miaka yote ile tulipokuwa tumejifungia mimi na wewe, yeye alikuwa upande wa pili wa mlango na hakuwahi kujua giza la humu lilivyo. Nikalitia gurudumu ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, nikalifunga, nikawasha taa, nikatia dawa.

Hapo nikafika pahala pa kuhesabu. Unakumbuka hukuiamini saa. Na kwa vile hamamuni hapasomwi, huwezi kupima kwa sura ya Kurani, ulipima kwa kuyasema mapishi kwa sauti: mkate wa kumimina, tangu kuroweka mchele mpaka kuweka moto juu, kwa mwendo wako ule ule usiobadilika, huku unapindua kopo. Nikaanza. Mchele uoshwe, urowekwe mpaka ulainike. Usagwe na tui zito. Nikatia hamira, nikasahau kinachofuata, nikakwama kabisa kopo likiwa mkononi.

"Iliki," Zuwena alisema. "Iliki, halafu sukari, halafu ufunikwe."

Akaendelea yeye. Alikuwa anaijua yote, kwa sauti yako, pamoja na pale unaposimama kulalamikia watu wanaotia maziwa badala ya tui. Alikuwa ameisikia kutoka nje ya mlango tangu msichana, baridi baada ya baridi, na hakuna aliyemwambia ni hesabu ya nini. Aliusoma mkate mpaka ukaiva. Mimi nilipindua kopo na machozi yananitiririka mpaka kidevuni, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi sikuyafuta.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya wageni. Niliitundika kwa vibanio nikamwonyesha, naye akaishika kwa ncha za vidole karibu na taa. Hajui kusoma negativu, nani angemfundisha. Alisema wote wametoka mashetani, weusi wa uso na macho meupe, na nusu ya kucheka ikamponyoka. Nikamtambulisha mmoja mmoja. Huyu Bi Salima na mkongojo wake. Hawa ni wale dada wawili wa nyumba ya pembeni, bado wanagombana. Akatikisa kichwa. Tukatia ya pili.

Ya pili alinitaka nigeuze uso, kwa mujibu wa mapatano yetu. Niligeukia ukuta. Nilimsikia anaivuta, matone yanadondoka sakafuni, kisha anainyanyua kwenye taa. Mkasi ulikuwa umeshaondoka ukingoni. Nikangoja mlio wake.

Alisema, "Mama huyu."

Nikabaki nimetazama ukuta.

"Nasra, Mama huyu. Nani alompiga? Weye?"

Nikageuka, mapatano au si mapatano. Alikuwa ameinua kipande kimoja mbele ya taa na mkasi umefungika mkono wa pili. Nikatazama. Mwanamke kakaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda, kichwa kimeinama, anamenya chungwa. Nywele zake nyeupe pe. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kama lako. Paji la uso lako, na namna yako ya kukaza mdomo kazi ikiwa ndogo na mikono imechoka. Kwa pumzi moja hata mimi niliyetazama vitu hivi miaka mingi nilikuona wewe.

Kisha nikamwambia. Nilisema, "Da Zuwena, huyu si Shangazi. Ni weye. Humu kilicho cheusi hutoka cheupe. Hizo nywele ni zako."

Alikaa juu ya ndoo. Akaivuta filamu taratibu, kipande kwa kipande, na vyote vilikuwa yeye. Zuwena kasinzia mdomo wazi. Zuwena anaswali, na shuka la swala limetoka jeusi tii. Zuwena anatia uzi kwenye sindano, anamgombeza Akinyi, anatazama dirishani na mikono kiunoni, na huo mkao wa mikono kiunoni, Shangazi, ni wako. Filamu nzima ulimpiga mwanao. Hukupiga mlango, wala mlimau, wala kingine chochote. Ulikuwa unakufa, na huo ndio ulikuwa mgao wako wa mwisho wa maji ya baridi, na ukautumia wote kwa mtu mmoja aliyekukataza.

Sijui ulimwona vipi. Labda ulimwona yeye alivyo, kwa nywele zake nyeusi. Labda fundi aliyezisoma negativu miaka yote ile alijua fika kitakachotoka, na alijua nani atakishika kwenye taa kwa mara ya kwanza. Nimekuuliza hili mara nyingi nikiendesha gari kwenda kazini.

Nilizitia za wageni kwenye karatasi jioni zilizofuata. Nimezipeleka zote kwa wenyewe, na vipande vyao, mkononi, kama ulivyotaka. Bi Salima aliitazama yake kwa muda, akasema, "Mbona amenizeesha," akaitia kifuani ndani ya kanga na hakuitoa tena mpaka nikaondoka. Dua aliyokuombea ilikuwa ndefu.

Filamu ya pili, siku ile, Zuwena hakuikata. Aliikausha, akaikunja ndani ya leso yake, na mkasi akaurudisha mkobani. Mlangoni nilishindwa kujizuia. Nilimwomba moja tu, yoyote atakayoichagua yeye, niitie kwenye karatasi, nibaki na kazi moja ya mkono wako. Nilimwambia haitoki nyumbani kwangu, hatoiona mwanamme, hata mume wangu. Nilimwomba kama mtoto anavyoomba.

Alinishika shavu. Ni miaka tangu anishike hivyo.

"Ukiitia kwenye karatasi ntarudi kuwa mie," alisema. "Mie nnajijua. Humu nnaye Mama. Niachie hivi hivi, Nasra."

Nikamwachia. Basi nimekosa nilichokuwa nakitaka, Shangazi, na nimeridhika, na bado kinauma. Yote matatu ni kweli. Tumerudi kuwa ndugu. Ijumaa huwa nakwenda kwake, ananipikia, tunabishana kuhusu lile neno lako mpaka Akinyi, akiwa amekuja kututazama, anatuambia tumwache marehemu apumzike, nguo zilikuwa zimeshafuliwa. Mimi bado nasema uliagiza zitokee. Zuwena bado anasema uliomba radhi. Hakuna anayemkubalia mwenzake, ila siku hizi tunabisha kwa sababu tunapenda kukutaja.

Kamera yako iko kwangu. Nimeshakwenda nayo nyua mbili, na nimeuliza kwanza, na mmoja alinikatalia nikaifunga.

Lala salama, mama yangu wa pili. Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako na akutilie nuru. Nakuahidi kwamba sitaiomba tena ile filamu. Nitangoja. Nywele za Zuwena zimeanza kuingia mvi mbele, pale pale zilipoanza zako. Mungu akimpa umri, itakuja asubuhi atakayojitazama kiooni zikiwa nyeupe zote, na hapo atakuwa nawe bila ya kuwasha taa. Siku hiyo nitampigia simu nimwambie maji ni baridi, na nitamuuliza, "Nikupige?"

Mwana wa kaka yako,
Nasra